Shimo limefunguka kwenye kiwanja cha Jambiani: nimwite mwenye mashine gani?

Swali: Shikamoo mwalimu. Nina kiwanja cha mita 20 kwa 30 Jambiani, Kusini Unguja. Mafundi walikuwa wakichimba karo la choo, walipofika kina cha mita moja na nusu mtaimbo ukawaponyoka ukazama. Tumeshusha kamba yenye jiwe, imegota kwenye mita 4 kutoka juu, na jiwe limerudi kavu. Nataka kuweka nyumba ya ghorofa moja. Wamekuja watu watatu. Mmoja ana mashine ya kutafutia maji inayotoa picha ya rangi papo hapo, wa pili ana rada, wa tatu anapima kwa umeme. Kila mmoja anasema mashine yake inaona kila kilichomo chini. Nimchukue yupi? Na nikishapata picha, nitakuwa na uhakika kwamba nyumba haitazama?

Marahaba, ndugu yangu. Nianze na swali lako la mwisho, kwa sababu likishajibiwa hilo, la kwanza linakuwa jepesi. Hapana, picha peke yake haikupi uhakika huo. Mashine hizi zote, ziwe za bei gani, haziliangalii pango. Kila moja hupima tabia moja tu ya ardhi: inavyopitisha umeme, inavyorudisha mawimbi ya redio, inavyotetemeka ikigongwa, au ilivyo nzito. Baada ya hapo mtu hukaa na zile tarakimu akatafuta ni ardhi ya namna gani ingeweza kuzitoa, na karibu kila mara ardhi za namna hiyo ni zaidi ya moja. Picha inakuonyesha pa kutoboa. Kilichopo chini utakijua kwa kutoboa. Anayekuahidi zaidi ya hayo mshukuru kwa adabu, usimpe kazi.

Sasa tazama ardhi uliyokalia. Upande wa mashariki na kusini wa Unguja ni jiwe la chokaa lililojengwa na matumbawe wakati bahari ilipokuwa juu kuliko ilivyo leo. Ndiyo ile ardhi ya uwanda na maweni: udongo kiganja kimoja, chini yake jiwe, na hapa na pale mfuko wa udongo mwekundu ulioingia ndani kabisa ya jiwe. Mvua inaposhuka hubeba kaboni dioksaidi kutoka hewani, na zaidi kutoka kwenye udongo wenye mizizi, ikawa asidi hafifu inayoyeyusha chokaa. Ardhi iliyoliwa namna hii wanajiolojia huiita karsti.

Pwani ina jambo lake la ziada. Maji tamu ya mvua huelea juu ya maji ya chumvi yanayoingia chini kutoka baharini, na pale yanapokutana, mchanganyiko wake huweza kuyeyusha jiwe hata kama kila maji kwa upande wake yalikwisha shiba chokaa. Kwa hiyo mapango ya pwani huchongeka sana kwenye usawa wa maji, na kwa kuwa bahari ilipanda na kushuka mara nyingi katika zama za barafu, usawa huo nao ulihama. Mara nyingi utakuta chumba kilicholala, kipana kuliko kimo chake, chini ya kifuniko cha jiwe kisicho kinene. Lako linaonekana kuwa hivyohivyo: paa la mita moja na nusu, kisha nafasi tupu ya mita mbili na nusu. Tusichokijua ni upana, na upana ndio unaoamua kila kitu kuhusu nyumba yako.

Huo upana unaweza kuanza kuupima kabla ya kumlipa mtu. Funga simu kwenye kijiti kirefu, washa tochi, washa video, uishushe taratibu ukiizungusha pande zote. Rudia ukiwa umening'iniza kamba yenye mafundo kila nusu mita, ili upate kipimo cha kulinganisha. Utaona paa linaelekea wapi, kama kuna vipande vya jiwe vilivyoanguka sakafuni, kama mizizi imeshuka, kama kuna udongo mwekundu unaotiririka kutoka kwenye ufa. Mtu asiingie. Paa limeshatobolewa, hujui nguvu yake, na hewa nzito ya kaboni dioksaidi hutuama chini ya mashimo yasiyopata upepo. Anayeingia huzimia bila kunusa kitu, na anayemfuata kumwokoa huzimia vilevile.

Waulize na wazee, kupitia kwa sheha ikiwa hujazaliwa hapo. Uliza popo hutokea wapi jioni, uliza pango la mizimu lililo karibu, uliza watu walichota maji wapi kabla ya maji ya bomba. Mapango ya pwani hayakai peke yake, na milango yao inajulikana. Wasikilize sana juu ya mahali mdomo wa pango ulipo, ila juu ya urefu wake jipe tahadhari. Kwa vizazi Tanga watu wamesimuliana kwamba mapango ya Amboni yanatokea Mombasa, wengine wakayafikisha mpaka Kilimanjaro. Watafiti walipoyapima mwaka 1994, refu kuliko yote lilikuwa na mita 900 hivi.

Nije kwenye mashine. Wewe una kitu ambacho wenye viwanja wengi hawana: shimo ambalo kina cha paa lake na cha sakafu yake vimepimwa kwa kamba. Lifanye kuwa mtihani. Yeyote anayekuja, umwambie apitishe mashine yake kandoni mwa karo kwanza, upande ule ambao video imeonyesha pango linaelekea, bila kumwambia kamba imegota wapi. Akishakupa kina cha paa na cha sakafu, ndipo umwonyeshe kamba. Kama chombo chake hakioni pango la mita mbili na nusu lililo wazi chini ya miguu yake, hakina uwezo wa kukuambia kwamba kona ya pili ya kiwanja haina kitu.

Kwa hali yako ningeanza na rada. Sababu ni mbili: udongo wako ni mwembamba, na shimo lako ni kavu. Rada ya ardhini hutuma mapigo ya mawimbi ya redio na kusikiliza yanayorudi. Mawimbi hurudi pale kitu kimoja kinapopakana na kingine chenye tabia tofauti ya umeme, na jiwe kavu likipakana na hewa tofauti ni kubwa: kwa makadirio ya kawaida ya jiwe la chokaa, kiasi cha asilimia 45 ya kimo cha wimbi hurudi juu. Huo ni mwangwi mzito. Antena ya megahezi 400 kwenye jiwe kavu itakupa mita 2 hadi 4 kwa maelezo mazuri. Ya megahezi 100 inaweza kupita mita 10, lakini vitu vidogo itaviruka. Kwa paa la mita moja na nusu ningetaka zote mbili, au moja ya katikati ya kama megahezi 200.

Adui wa rada ni udongo wa mfinyanzi na maji ya chumvi. Vyote viwili hula nguvu ya wimbi. Juu ya mfuko wa udongo mwekundu uliolowa huenda isifike hata mita moja, na ikigusa maji ya chumvi safari yake imeishia hapo. Ndiyo maana kazi ya rada kwenu ifanywe msimu wa ukavu, ardhi ikiwa imekauka, isifanywe katikati ya masika. Na mahali ambapo rada imenyamaza kabisa usipaandike kuwa ni salama. Paandike kuwa hapajaonekana.

Kuna mambo mawili ya kuisomea picha ya rada ambayo ningependa uyakague mwenyewe. La kwanza ni mwendo. Wimbi hupita kwenye hewa kwa mita 0.3 kila nanosekunde (sehemu moja ya bilioni ya sekunde), na kwenye jiwe la chokaa kwa mita 0.11 hivi. Mashine haijui kwamba limeingia hewani. Inaendelea kuhesabu kwa mwendo wa jiwe. Kwa hiyo pango lako lenye kimo cha mita mbili na nusu litachorwa kama nafasi ya mita moja tu, na sakafu itaonekana iko mita mbili na nusu kutoka juu badala ya nne. Mpimaji anayejua kazi atalirekebisha hilo bila kuambiwa. Asiyejua atakukabidhi ripoti yenye pango dogo la kutia moyo.

La pili ni mwangwi wa juu ya ardhi. Antena isiyo na kinga hupokea pia mawimbi yaliyogonga mnazi, ukuta wa jirani, au bati la banda, na hayo huchorwa kwenye picha kama pinde zilizo chini ya ardhi. Utazitambua kwa uwazi wa upinde: wimbi lililosafiri hewani hutoa upinde mpana, uliolala, na ukiupima mwendo wake unapata ile mita 0.3. Mwambie mpimaji aandike kwenye daftari, kila mita ya mstari, kuna nini pembeni: mnazi, nguzo ya umeme, tangi. Daftari hilo lina thamani sawa na picha.

Anayepima kwa umeme simfukuzi, ila namweka wa pili na kwa kazi nyingine. Njia yake ni ya zamani. Mfaransa Conrad Schlumberger alianza majaribio yake mwaka 1912, na msingi haujabadilika: vyuma viwili vinapeleka umeme ardhini, viwili vingine vinasoma volti, na kutoka hapo unakokotoa ukinzani wa ardhi, yaani inavyouzuia umeme, kwa kipimo cha omu-mita. Siku hizi hupangwa vyuma 24, 48 au zaidi kwenye mstari, kifaa kikabadilishana navyo chenyewe, na programu ikachora pande la ardhi.

Watu wengi hudhani umeme ndio bora wa kutafuta uwazi, kwa kuwa hewa haipitishi umeme kabisa. Fikiria tena. Jiwe lako la juu ya maji, likiwa kavu, tayari lina ukinzani wa mamia hadi maelfu ya omu-mita. Uwazi ndani yake ni kitu kisichopitisha umeme kilichozungukwa na kitu kinachoupitisha kwa shida, na kwenye picha doa jekundu la ukinzani mkubwa linaweza kuwa pango, linaweza kuwa jiwe zima zuri kuliko yote kwenye kiwanja. Nimeona picha za namna hiyo zikisomwa kinyume, sehemu imara ikakimbiwa.

Umeme unaona vizuri sana kinyume chake: vitu vinavyoupitisha ndani ya jiwe. Mfuko wa udongo mwekundu una makumi ya omu-mita tu, kwa hiyo hujitokeza wazi pembeni ya jiwe. Maji ya bahari yana omu-mita 0.2, na jiwe lenye vitundu vilivyojaa maji hayo hushuka chini ya 10, kwa hiyo utaona pia chumvi imeingia mpaka wapi chini ya kiwanja. Kwa nyumba yako hiyo mifuko ya udongo ni hatari kama pango lenyewe. Nguzo moja ikikaa juu ya jiwe na ya pili juu ya udongo unaobonyea, ukuta utapasuka hata kama hakuna kilichozama. Na udongo uliojaza tundu leo unaweza kuoshwa na maji kesho, tundu likawa wazi.

Ukimchukua mtu wa umeme, masharti yake ni haya. Mstari hufika kina cha kama sehemu moja ya tano au ya sita ya urefu wake, na picha hupungua upana kadiri inavyoshuka, mpaka inakuwa pembetatu iliyopinduliwa. Vyuma 48 vikiachana mita moja vinakupa mstari wa mita 47 na kina cha mita 8 au 9, tena katikati tu. Kiwanja chako cha mita 30 hakiutoshi, kwa hiyo omba ruhusa kwa majirani mstari upite kwao. Picha ikiishia kwenye mipaka yako, pembe za nyumba zitakuwa zimeangukia pale ambapo hakuna vipimo. Na pango dogo lililo chini usitegemee kuliona: la upana wa mita moja kwenye kina cha mita sita halitaacha alama ya kuaminika.

Kwenye jiwe la matumbawe tatizo la kwanza ni kukiingiza chuma. Ukikipiga kwa nyundo kinayumba, kinashika jiwe kwa ncha tu, na umeme haupiti. Kazi nzuri utaitambua hapo kabla ya picha yoyote: fundi anatoboa tundu dogo kwa drili, anatia udongo wa mfinyanzi uliolowa maji ya chumvi, anasimika chuma humo, kisha anapima mguso wa kila kimoja na kurekebisha kilichoshindwa kabla ya kuanza. Anayeruka hatua hiyo atakuletea picha yenye madoa kila palipokuwa na chuma kibovu, na madoa hayo yatafanana sana na mapango.

Ujue pia picha hiyo inavyozaliwa. Programu huanza na ardhi ya kubuni, inakokotoa vipimo ambavyo ardhi hiyo ingetoa, inalinganisha na vilivyopatikana, inarekebisha, inarudia mpaka tofauti iwe ndogo. Na imefundishwa kupendelea ardhi inayobadilika polepole, kwa hiyo ukuta wa pango uliosimama wima huchorwa kama ukungu unaofifia. Usimruhusu mtu apime upana wa pango kwa rula juu ya rangi. Rangi zenyewe huchaguliwa na mpimaji: mizani ileile ya rangi itumike kwenye mistari yote, la sivyo wekundu wa mstari wa kwanza na wa mstari wa tatu si kitu kimoja. Mistari ikatane pia, kwa sababu pango lililo mita tatu pembeni huvuta vipimo na kuonekana kana kwamba liko chini ya mstari.

Yule wa mashine ya kutafutia maji ningemwacha. Vifaa hivyo vingi havitumi kitu chochote ardhini. Husikiliza umeme na usumaku unaopita ardhini wenyewe, na hutumia masafa ya mawimbi hayo kukadiria kina kwa kanuni iliyofichwa ndani ya kifaa. Karibu na waya za umeme za kijiji vinasikia waya hizo. Picha hutoka baada ya dakika chache ikiwa na rangi nzuri na kina kilichoandikwa kwa mita, lakini huoni vipimo ghafi, huoni kosa, huna namna ya kuhakiki. Kwa kuchagua mahali pa kujaribu kisima mtu anaweza kubahatisha pesa yake. Msingi wa nyumba wanamolala watoto haubahatishwi.

Utasikia pia juu ya njia mbili ambazo hawa watatu hawakuzitaja. Kupima uvutano ni njia ninayoiheshimu sana, kwa kuwa haidanganywi na udongo wala chumvi: penye uwazi ardhi ni nyepesi, basi. Lakini tazama ukubwa wa alama yenyewe. Pango la duara lenye nusu-kipenyo cha mita 2, katikati yake ikiwa kina cha mita 5, kwenye jiwe la tani 2 kwa mita ya ujazo, hupunguza uvutano kwa mikrogali 18 hivi (mikrogali ni kipimo kidogo sana cha uvutano), na uvutano mzima wa dunia ni karibu mikrogali milioni 980. Lishushe hadi mita 10 inabaki 4 na nusu. Kunyanyua chombo sentimita moja tu hubadilisha kipimo kwa mikrogali 3. Kwa hiyo kila kituo kipimwe kimo kwa makini ya sentimita, na mawimbi yanayopiga mwambani siku nzima yanakitikisa chombo. Kwa hoteli kubwa au barabara ningeitaka. Kwa kiwanja kimoja gharama haishikiki.

Njia ya mitetemo, ya kugonga bamba kwa nyundo na kusikiliza mwendo wa mawimbi, ina kizuizi chake pwani. Jiwe la matumbawe huwa na gamba gumu juu na laini zaidi chini, na mbinu ya kawaida ya mawimbi yanayopinda huhitaji ardhi iwe ngumu zaidi kadiri unavyoshuka. Kilicho laini chini ya kigumu hakionekani kabisa. Iko mbinu ya mawimbi ya juu ya ardhi inayovuka kizuizi hicho, lakini kwa pango la ukubwa wa lako haizidi rada.

Basi mpange hivi. Rada kwanza, mistari ya kuachana mita moja kwa pande zote mbili, juu ya eneo lote la nyumba na mita kadhaa nje yake, baada ya kufaulu mtihani wa shimo. Kisha umeme, mistari michache inayokatana, hasa pale rada iliponyamaza. Kisha drili, na hapo ndipo pesa yako nyingi iende.

Drili ya kompresa, ile ya wachimba mawe, inatosha. Toboa pale picha zote mbili zinaposhuku, toboa chini ya kila nguzo, na toboa angalau tundu moja mahali ambapo picha inasema jiwe ni zima, maana nalo hilo linahitaji shahidi. Shuka mita 5 chini ya usawa wa msingi. Simama hapo mwenyewe au msimamishe mtu wa kuandika. Drili ikiwa kwenye jiwe zima, mlio ni mmoja, mwendo ni wa taratibu, na vumbi jeupe hutoka mdomoni mwa tundu bila kukatika. Ikigusa udongo, mlio unazama na vumbi linageuka jekundu lenye unyevu. Ikifika kwenye uwazi fito inadondoka ghafla na vumbi linakoma kutoka, kwa sababu upepo wa kompresa umepata njia nyingine. Aandike kina cha kila badiliko papo hapo, kwa sentimita. Karatasi hiyo mhandisi wako ataiamini kuliko picha yoyote, na atakuwa sahihi.

Ukishajua upana wa pango na unene wa paa, mhandisi wa majengo ana pa kuanzia. Kanuni ya tahadhari inayotumika kwenye karsti ni kwamba unene wa jiwe zima juu ya pango usipungue asilimia 70 ya upana wa pango. Kwa paa lako la mita moja na nusu hiyo ni pango lisilozidi mita mbili na kidogo. Lakini kanuni hiyo ilitokana na chokaa gumu la kale. Jiwe la matumbawe ni changa na lina vitundu, kwa hiyo ichukue kama kiwango cha chini kabisa, na umwachie mhandisi aongeze. Ikiwa pango ni pana kuliko hapo, jibu la bei nafuu karibu daima ni kuisogeza nyumba. Kiwanja cha mita 20 kwa 30 kina nafasi. Isiposogezeka, kuna msingi wa bamba la zege lenye nondo linaloweza kuvuka udhaifu mdogo, na kuna kujaza pango, jambo ambalo lisifanywe kabla ya kujua linaelekea wapi. Utamwaga zege siku nzima likaenda kwa jirani.

Nimalizie na maji, kwa kuwa ardhi ya karsti mara nyingi huanguka kwa sababu ya maji yaliyobadilishwa njia kuliko kwa uzito wa jengo. Desemba 1962, kwenye mgodi wa dhahabu wa West Driefontein magharibi mwa Johannesburg, shimo lilifunguka likameza jengo zima la kuvunjia mawe pamoja na watu 29. Mwamba wa pale ni wa jamii ya chokaa, na maji yake yalikuwa yamepigwa pampu kwa miaka ili migodi ikauke. Baada ya hapo kupima uvutano kabla ya kujenga kulienea kwenye maeneo ya mwamba huo Afrika Kusini, lakini hata wao waliona kwamba kuyalinda maji yasivuje wala kupungua ni sehemu ya msingi wa nyumba kama zege lenyewe. Wewe huna mgodi. Una paa la bati litakalokusanya mvua yote ya masika na kuimwaga kwenye pembe nne. Usiiache ishuke hapo. Ivune kwenye tangi, na ya ziada ipelekwe mbali kwa mfereji uliosakafiwa.

Na karo lisikae hapo. Najua mafundi watakuambia una bahati, shimo la bure lisilojaa. Lishushie tena kamba siku za bamvua, maji yakiwa yamejaa, uone kama jiwe litarudi limelowa. Likilowa, chumba hicho kimeungana na maji ya chini ambayo hupanda na kushuka pamoja na bahari, maji yaleyale ya visima vya kijiji. Hata lisipolowa usidhani limejitenga. Maji tamu kwenu ni utando mwembamba: kwa kila sentimita ambayo uso wake umeuzidi usawa wa bahari, kuna kama sentimita 40 za maji tamu chini, na baada ya hapo ni chumvi. Ile mita 30 kati ya choo na kisima inayotajwa mara kwa mara ilipangwa kwa ardhi inayochuja. Jiwe lenye mapango halichuji, hupitisha. Jenga tangi la zege lisilovuja, juu ya jiwe lililothibitishwa na drili, linyonywe na gari la maji taka likijaa.

Shimo lenyewe lifunikwe kwa mfuniko imara wenye kufuli, liwe wazi kwa mhandisi kulikagua. Na video yako ikionyesha vigae vya vyungu, mifupa au majivu sakafuni, simamisha kazi uwaite Idara ya Makumbusho na Mambo ya Kale kabla fundi hajaingiza koleo. Pango la Kuumbi liko hapohapo Jambiani, na watu walilitumia kiasi cha miaka 20,000 iliyopita.